Kufuli la Pili Mlangoni: Maswali ya Sheria Yanayoulizwa Sana Eastlands

Kwetu Pwani mtu akibisha kwa wakili, mara nyingi amekuja na habari ya shamba: hatimiliki, mwenye ardhi asiyeonekana, minazi ya babu iliyokatwa. Kijana huyohuyo akipanda basi hadi Nairobi, akapanga chumba Umoja, Kayole, Dandora au Donholm, maswali hubadilika. Huko anauliza kwa nini ametoka kazini akakuta kufuli la pili juu ya kufuli lake. Anauliza kwa nini rafikiye amelala seli tangu Ijumaa. Anauliza kama kweli polisi wanaweza kumkamata kwa deni la chama.

Na ni wachache kati yetu wasio na mtu Eastlands. Waswahili wako Pumwani Majengo tangu miaka ya 1920, na kila mwaka wengine wanaongezeka mitaa ya mbele zaidi. Makala haya yanakusanya maswali wanayouliza mara kwa mara na majibu ambayo mawakili huyatoa. Hayachukui nafasi ya wakili. Lakini mengi yanahusu siku mbili tatu za mwanzo, kabla mtu hajapata hata nauli ya kwenda kwa huyo wakili, na hizo ndizo siku ambazo haki hupotea.

Nadaiwa kodi ya miezi miwili. Mwenye nyumba anaweza kunifungia mlango?

Hawezi. Deni la kodi ni deni la kweli na utalilipa, lakini halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuwa hakimu na askari kwa wakati mmoja. Kufunga mlango, kung'oa mabati, kukata maji na umeme ili mpangaji achoke aondoke, kutoa godoro nje mvua ikinyesha: yote hayo hufanywa kila mwisho wa mwezi, na wapangaji wameyazoea hadi wanadhani ndiyo sheria yenyewe. Siyo. Mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji asiyetaka kutoka anapaswa kupata amri ya mahakama au ya baraza la kodi. Akitaka kushika mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi (Sura ya 293) inataka kazi hiyo ifanywe na dalali mwenye leseni. Keateka na vijana wake wanne hawana mamlaka hayo.

Hapa wakili atakuuliza swali moja kabla ya kuendelea: unalipa kodi ya shilingi ngapi? Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba (Sura ya 296) inawalinda wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hao wana baraza lao maalum. Mwenye nyumba hawezi kuwapandishia kodi apendavyo, na kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame ni kosa la jinai. Ubaya ni kwamba kiwango hicho cha 2,500 kimekaa miongo mingi bila kuguswa. Zamani kilimlinda karani mwenye nyumba nzuri tu. Leo kinamlinda mwenye chumba cha mabati Korogocho, na mwenye bedsita ya Umoja yuko nje. Kwa maoni yangu hili ni pengo la aibu, na Bunge linalijua.

Aliye juu ya 2,500 hakuachwa mtupu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na notisi hiyo imalizike siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo ujumbe wa simu wa tarehe 27 unaosema "toka kufikia tarehe moja" hautoshi. Ukishapokea ujumbe kama huo, usiufute. Jibu kwa maandishi, kwa adabu, useme unadaiwa kiasi gani na utalipa lini. Jibu hilo litakufaa mbele ya hakimu kuliko kelele zote za uani.

Kufukuzwa makazi si jambo jipya Eastlands. Shauri Moyo yenyewe ilijengewa watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, nao hawakuwa na mahakama ya kukimbilia. Wapangaji wa Muthurwa walikuwa nayo. Julai 2010 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli uliwapa notisi wahame na ubomoaji ukaanza. Mwezi uliofuata Katiba mpya ikazinduliwa, na kifungu chake cha 43 kikataja haki ya makazi ya kutosha. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba hata mwenye mali halali hawezi kuwatoa watu kiholela bila mpango wanaoshirikishwa. Hawakupewa nyumba zile ziwe zao, na wakili mkweli atakwambia hivyo. Walichopata ni kutotolewa kama takataka.

Nina duka, na mwenye jengo ameniambia nitoke mwisho wa mwezi.

Huyu mara nyingi yuko katika hali nzuri kuliko anavyodhani. Duka, kinyozi, mkahawa, kibanda cha simu ndani ya jengo la mtu: kama hamna mkataba wa maandishi, au upo lakini hauzidi miaka 5, upangaji huo unalindwa na Sura ya 301. Mwenye jengo akitaka kukutoa, au hata kupandisha kodi, anatakiwa kutoa notisi ya fomu maalum, isiyopungua miezi 2, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria.

Lakini sheria hii ina mtego, na wafanyabiashara wengi hunaswa nao. Ukipokea notisi halali, una mwezi mmoja wa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi kwamba hukubali, kisha upeleke shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Ukinyamaza ukisema "hataniweza", notisi inashika. Kunyamaza kunahesabiwa kuwa kukubali. Na yule mwenye meza ya nguo kando ya barabara, juu ya ardhi ya kaunti, asijumuishe shauri lake na hili. Yeye hana mpangishaji, na kesi yake ni nyingine kabisa.

Dipoziti yangu hairudishwi. Ni elfu kumi na mbili tu, nitamlipa wakili nini?

Swali hili zamani lilikuwa halina jibu, kwa sababu gharama ya kesi ilikuwa inazidi dai lenyewe. Siku hizi lipo. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na unaweza kusema Kiswahili. Dipoziti, pesa uliyomkopesha mtu, fundi aliyekula malipo ya awali akatoweka, matatu iliyokugonga mkokoteni: yote huingia humo. Yasiyoingia ni migogoro ya hatimiliki ya ardhi, ya kuchafuliwa jina na ya kazi.

Mahakama hiyo haibanwi sana na kanuni ngumu za ushahidi, lakini ushahidi lazima uwepo. Hapo ndipo Wakenya wana bahati wasiyoijua: karibu kila shilingi imepita kwenye M-Pesa. Omba taarifa ya malipo yako, usitegemee kumbukumbu ya simu ambayo kesho itaibwa Muthurwa. Piga picha za nyumba siku unayoingia na siku unayotoka, ili ukuta uliokuwa na ufa tangu zamani usije ukakatiwa dipoziti. Na usikawie. Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6, na la kuumizwa kwa uzembe baada ya miaka 3.

Polisi wanaweza kunikamata kwa deni?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida na mama wa chama au kijana aliyekopa. Mdai ana rafiki kituoni, simu inapigwa, mtu anaitwa "aje aandikishe". Jibu la mawakili: kushindwa kulipa deni si kosa la jinai, na polisi si wakusanya madeni. Mdai aende mahakama ya madai. Hata akishinda, mdaiwa hafungwi papo hapo. Huitwa kwanza aeleze kwa nini asifungwe, na hakimu hutazama kama ana uwezo lakini anakataa kwa ujeuri, au hana kweli.

Yapo ya kuangalia. Kutoa cheki ukijua akaunti haina kitu ni kosa la jinai. Kupokea pesa kwa uongo uliopangwa tangu mwanzo, mfano kuuza ploti isiyo yako, ni kosa la jinai pia, na hilo haligeuki kuwa deni kwa sababu tu umeahidi kurudisha. Basi ukiitwa kituoni, uliza umeshtakiwa kosa gani. Wakitaja kosa, nyamaza na utafute wakili. Wakitaja deni tu, waambie kwa heshima kwamba mdai afungue kesi.

Ndugu yangu amekamatwa Ijumaa usiku. Si wanasema saa 24?

Wanasema kweli, ila wanaishia nusu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikimalizikia siku isiyo ya mahakama, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku basi anaweza kushikiliwa hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Kwa wengi wa Eastlands hiyo ni Jumatatu ya mahakama ya Makadara, na familia huwahi asubuhi kwa sababu hajulikani ataitwa saa ngapi.

Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna kazi ya kufanya. Kifungu hichohicho kinampa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili na mtu mwingine anayemhitaji. Nenda kituoni ukiwa mtulivu. Uliza ameandikwa kwa kosa gani na namba yake ya OB ni ipi, uiandike. Kwa makosa madogo mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa bondi ya polisi, ambayo ni ahadi ya maandishi na haina malipo. Akitaka dhamana ya pesa, pesa hiyo ina risiti rasmi na hurudishwa kesi ikiisha. Pesa isiyo na risiti haina jina jingine, unalijua.

Wanafamilia husahau kipengele kimoja kidogo: mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Mtajie wakili, au mwambie hakimu mwenyewe. Na kama ndugu yako amepigwa, nenda naye hospitali siku hiyohiyo atakapotoka, kwa sababu malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, huhitaji karatasi ya daktari kuliko hasira.

Baba amefariki na ami ndiye anayekusanya kodi ya nyumba.

Swali hili ni la Pumwani na Eastleigh hasa, na huko kwetu pia tunalijua. Hakuna mtu, hata mtoto mkubwa, hata ami, mwenye ruhusa ya kuuza au kukusanya mapato ya mali ya marehemu kabla ya kupewa barua za usimamizi wa mirathi. Anayefanya hivyo anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa. Waislamu wanaweza kwenda kwa kadhi, na mgao utafuata sheria ya Kiislamu. Lakini kifungu cha 170 cha Katiba kinataka wahusika wote wawe Waislamu na wote wakubali mamlaka ya kadhi. Mjane asiye Mwislamu, au mrithi mmoja anayekataa, anatosha kuipeleka kesi Mahakama Kuu. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya matanga kuisha, maana huko ndiko ugomvi wa mirathi huanzia.

Wakili nitampata wapi, na nitajuaje si tapeli?

Nje ya mahakama nyingi wapo watu wenye suti na faili wanaojiita mawakili. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha ya wenye leseni ya mwaka huu mtandaoni. Tafuta jina kabla ya kutoa pesa, na jina lisipoonekana usitoe. Asiyemudu anaweza kujaribu Kituo cha Sheria, kinachosaidia watu wa kipato cha chini tangu 1973 na kina ofisi Nairobi na Mombasa. Wanawake, hasa kwa mambo ya ndoa na matunzo ya watoto, wanaweza kwenda FIDA, nayo ina ofisi katika miji hiyo miwili. Huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria ipo pia kwa sheria ya 2016.

Kokote uendako, beba kitambulisho, mkataba kama upo, risiti, taarifa ya M-Pesa na ule ujumbe wa keateka ambao hukuufuta. Andika pia kwenye karatasi moja tarehe za kila kilichotokea, kuanzia ya kwanza, kwa sababu wakili atakuuliza "lini?" kabla hajauliza jambo jingine lolote.