Tandiko la Punda Mkoani Simiyu

Tandiko la punda ni kifaa cha kuuweka mzigo au mpandaji juu ya mgongo wa punda bila kuujeruhi. Katika Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, mnyama huyu hubeba madumu ya maji, kuni na magunia ya nafaka, kuanzia Busega kando ya Ziwa Victoria, kupitia Bariadi na Itilima, hadi nyanda kavu za Meatu. Farasi hawakustawi huku. Ndorobo wa mapori yanayoungana na Serengeti hueneza nagana, na usubi hueneza tauni ya farasi ya Afrika, maradhi yaliyowamaliza farasi wengi wa brigedi ya Afrika Kusini iliyokwenda Kondoa Irangi mwaka 1916. Punda huistahimili tauni hiyo, na ndiye aliyebaki na kazi. Lakini ujuzi mwingi ulioandikwa kuhusu matandiko ni wa farasi, hivyo hauna budi kupimwa upya juu ya mgongo wake. Ukipimwa, jambo moja hubaki imara: tandiko jema hujulikana kwa mahali linapogusa na mahali linapoacha kugusa. Ulaini huja baadaye.

Mgongo wa punda una sehemu inayoweza kubeba na sehemu isiyoweza. Mbavu, pamoja na misuli iliyolala juu yake pande zote mbili za uti wa mgongo, hupokea uzito na kuusambaza. Uti wenyewe una ngozi tu juu ya ncha za mifupa. Uzito ukikaa hapo hubana mishipa midogo ya damu, nyama ya chini hukosa damu na kufa kabla ngozi haijaonyesha lolote, na kidonda kinapofunguka uharibifu ulishatangulia. Mabaka ya nywele nyeupe kwenye migongo ya punda wakubwa ni kumbukumbu ya majeraha ya namna hiyo. Kwa hiyo tandiko lazima liwe na mfereji katikati, wenye upana wa vidole vitatu au vinne, unaoendelea kuwa wazi hata mzigo ukishapakiwa. Mbele liishie nyuma ya mfupa wa bega, ili mguu uweze kunyooka. Nyuma lisivuke ubavu wa mwisho, kwa sababu kiuno hakina mbavu za kukiegemeza. Farasi ana mabega yaliyoinuka yanayosaidia kulishika tandiko lisisogee. Punda ana mgongo ulio bapa zaidi, kwa hiyo tandiko lake huteleza mbele kwenye mteremko na kuhitaji mkanda unaozunguka mapaja kwa nyuma. Kamba nyembamba chini ya mkia hufanya kazi hiyo pia, ila hukata ngozi isipofunikwa vizuri.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye nguvu, husema: ongeza tu matambara. Magunia matatu yakikunjwa mgongoni, mzigo utakaa pororo. Hoja hii inavutia kwa sababu mkono wa mwanadamu husikia ulaini haraka. Hata hivyo, kitambaa kinene kilichotandazwa juu ya uti bado kinaubana uti, na kadiri kinavyokuwa kinene ndivyo mzigo unavyoyumba na kuhitaji kukazwa zaidi kwa kamba. Mfuko wa salfeti una ubaya wake wa ziada: haunyonyi jasho, na joto likichanganyika na msuguano ngozi huchubuka upesi. Kinachofaa ni mito miwili iliyojazwa vizuri, mmoja kila upande, iliyounganishwa kwa vipande vya mbao vilivyopinda juu ya uti bila kuugusa. Watu wa pwani walikaribia suluhisho hili kwa shogi, matumba ya ukili yanayoning'inia pande mbili za punda, ingawa shogi bila mito bado huukalia uti. Jeshi la Marekani nalo, lilipolikubali tandiko la McClellan mwaka 1859, lilichagua umbo lenye uwazi mrefu katikati, juu ya uti wa farasi.

Simiyu ina mali inayohusika moja kwa moja na jambo hili, nayo ni pamba. Ni jambo la kusikitisha kuona mkoa unaolisha vinu vya pamba ukiwa na punda wenye migongo iliyochubuka. Pamba hunyonya jasho na haichomi ngozi, ila hujikandamiza ikawa ngumu. Mto wa pamba hauna budi kufumuliwa, kuanikwa na kuchambuliwa upya kila inapoanza kushikana. Mbao ni kazi ya seremala wa kawaida.

Wengine watasema gharama haiwezekani kwa kaya inayosubiri bei ya pamba. Jibu liko katika kazi yenyewe: punda mwenye kidonda anapaswa kupumzishwa mpaka apone, na siku hizo maji hubebwa kichwani, mara nyingi na wanawake na watoto. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Tandiko pia haliwezi kuuhalalisha mzigo uliopita kiasi. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, bila kuhesabu uzito wa madumu yenyewe. Punda wengi wa Afrika Mashariki wana kilo 120 hadi 150 hivi, na ushauri wa kawaida ni mzigo usiozidi theluthi ya uzito wa mnyama. Madumu mawili, moja kila upande, yanatosha.

Mpandaji naye ni mzigo, tena mzigo unaojisogeza. Waheshimiwa wa Unguja waliopanda punda wa Maskati walikuwa na wanyama wakubwa kuliko hawa wa bara. Hapa anayepanda afadhali awe mtoto mwepesi, akae karibu na nyuma ya bega, mahali palipo chini kabisa pa mgongo. Kikalio kikimsukuma nyuma, uzito wake huangukia kiuno cha punda, na yeye mwenyewe hulazimika kujishika kwa mikono na magoti. Hivyo starehe ya mpandaji na ya mnyama haziachani: anayekaa sawasawa hachoki upesi, wala hamchoshi anayembeba.

Je, mkokoteni hauondoi shida yote? Huipunguza sana, lakini huihamisha pia. Mkokoteni wa magurudumu mawili huegemea mgongo kupitia mikono yake, kwa hiyo tandiko dogo lenye mfereji bado linahitajika. Halafu kuna suala la kuvuta. Wasukuma wamezoea nira, nayo humfaa ng'ombe mwenye nundu na shingo nene. Punda hana nundu, na nira humkandamiza juu ya shingo. Nguvu yake hutoka kifuani, hivyo anahitaji mkanda mpana wa kidari, uliowekwa juu ya kiungo cha bega na chini ya koromeo ili asikabwe. Ukaguzi hufanyika jioni, vifaa vinapofunguliwa: jasho liwe limeenea sawa chini ya kila mto. Doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa huashiria kwamba hapo panabanwa kupita kiasi, na mto wa mahali hapo hupunguzwa ujazo kabla ya safari ya kesho yake.