Lee P. Brown: Kutoka Mkuu wa Polisi hadi Meya wa Houston

Lee Patrick Brown alizaliwa mwaka 1937 huko Wewoka, Oklahoma. Wazazi wake walihamia California kufanya vibarua mashambani, naye utotoni alichuma pamba na zabibu. Mwaka 1960 aliajiriwa kuwa polisi wa San Jose. Hakuacha masomo, na mwaka 1970 akapata shahada ya uzamivu.

Mwaka 1982 Meya Kathy Whitmire alimteua kuongoza polisi wa Houston, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Alikuta jeshi la polisi ambalo wakazi weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wakiliogopa, na walikuwa na kila sababu. Brown alifungua vituo vidogo mitaani, katika majengo ya kawaida kama ya maduka, ambamo mkazi aliweza kuingia na kueleza shida yake. Askari walitakiwa kuujua mtaa na watu wake, si kungoja simu za dharura tu. Hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Baadaye aliongoza polisi wa New York, kisha akawa katika baraza la mawaziri la Rais Clinton. Mwaka 1997 Houston ilimchagua kuwa meya wake wa kwanza mweusi, na ikamrudisha mara mbili. Mafuriko ya dhoruba Allison ya 2001 yalitokea akiwa madarakani. Treni ya umeme ya mjini, iliyopingwa kwa miaka mingi, ilianza kubeba abiria Januari 1, 2004, katika siku zake za mwisho ofisini.