Bati Likiruka Kashikishi, Nani Apande Paani?

Nchelenge na Kashikishi ni miji miwili iliyogusana kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, mkoani Luapula, upande wa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, kwenye miji ya Kilwa na Pweto. Walimu wa kuhamishwa, wauguzi, wachuuzi wanaofuata samaki: watu hawa hawajengi, wanapanga. Mwenye nyumba naye anaweza kuwa Mansa, Ndola au Kitwe. Novemba ikiingia na mvua zake, upepo wa ziwani ukishika ukingo wa bati moja lenye misumari iliyoota kutu, usiku huohuo godoro limelowa.

Nani alipe? Kwa paa, karibu kila mapokeo ya sheria yanamtaja mwenye nyumba, na sioni haja ya kubishana hapo. Ugumu uko kwenye zile siku za katikati, kati ya bati kuruka na mwenye nyumba kupokea simu. Kodi inaendelea kuhesabiwa? Mpangaji anaruhusiwa kununua bati na kukata gharama? Au afunge virago?

Zambia ilirithi msingi wa sheria ya Kiingereza, na msingi huo ulikuwa mkavu. Katika kesi ya Hart v Windsor ya 1843, mahakama ilisema anayekodisha nyumba tupu haahidi kwamba inakalika. Mwaka huohuo, katika Smith v Marrable, mpangaji wa nyumba yenye samani huko Brighton aliikuta imejaa kunguni, akaondoka, na mahakama ikampa haki. Kwa hiyo ukipewa kitanda pamoja na nyumba, kunguni ni wa mwenye nyumba. Ukija na kitanda chako, kunguni ni wako. Waingereza wenyewe waliona aibu baadaye: sheria yao ya 1961 ilimbebesha mwenye nyumba paa, kuta na mabomba kwa mikataba isiyofika miaka saba. Lakini sheria za Bunge la Uingereza zilizopokewa Zambia kwa jumla ni zile zilizokuwapo tarehe 17 Agosti 1911, kwa hiyo nafuu hiyo haikuvuka bahari. Zambia ilitunga Sheria yake ya Kodi za Nyumba mwaka 1972, na kwa sheria hiyo mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama. Ni ngao nzuri, ila haizuii mvua.

Vuka ziwa uingie Kongo, unakuta ukoo mwingine kabisa. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, enzi za Leopold wa Pili, iliweka sheria ya mikataba iliyochotwa katika ukoo wa Kanuni ya Napoleon ya 1804. Kanuni hiyo ya Kifaransa haina haya kuingia chumbani. Inamtwika mpangaji plasta ya chini ya ukuta hadi kimo cha mita moja, milango, vitasa na vioo vya madirisha, isipokuwa vioo vilivyovunjwa na mvua ya mawe. Yaliyobaki ni ya mwenye nyumba, pamoja na chochote kilichochakaa kwa uzee. Mita moja! Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amekaa na watoto na viti vinavyokwaruza ukuta. Kwa zile siku za katikati, hata hivyo, mapokeo haya kwa asili yalikupeleka kwa hakimu kwanza uombe ruhusa ya kutengeneza kwa gharama ya mwenzako.

Wanachuoni wa Kishafii, ambao vitabu vyao vimesomwa pwani yetu toka Lamu hadi Unguja, wanajibu kwa ufupi zaidi. Katika Minhaj, Imam Nawawi, aliyefariki 1277, anasema mwenye nyumba atoe ufunguo na aitengeneze nyumba. Akichelewa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Theluji ya juu ya paa ni juu ya mwenye nyumba. Theluji na takataka za uani ni juu ya mpangaji. Vizazi vya wanafunzi wa pwani vimesoma hukumu hiyo ya theluji bila kuiona theluji yenyewe. Majalla, kanuni ya sheria ya Waturuki iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, inaongeza jambo ambalo Kashikishi lingefaa sana: mpangaji akitengeneza kwa ruhusa kitu kinachoilinda nyumba isiharibike, kama vigae vya paa, anarudishiwa gharama hata kama hawakuagana, akitengeneza kitu cha raha yake, kama tanuri, harudishiwi. Asipoomba ruhusa, amejitolea sadaka.

Luapula yenyewe haikusubiri vitabu. Katika simulizi ya Nachituti, mwanamke huyo alimpa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, nchi na maji kwa kapu la udongo na chungu cha maji. Hata hivyo, wenye mabwawa ya samaki walibaki na kazi yao: kuyafungua kwa maombi ya mizimu, kisha kupokea fungu lao la samaki. Fungu lilifuata kazi. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi na kuuliza bati lilipigiliwa na nani angeonekana mtu wa ajabu mbele yao.

Mimi nasimama na Majalla, kwa sababu simu ya mkononi imeirahisisha. Mpangaji anapiga picha ya paa, anaituma, anataja bei ya bati na misumari, anasubiri neno "nunua", anatunza risiti, na mwezi ujao anakata. Hata London, katika Lee-Parker v Izzet ya 1971, mahakama ilikubali kwamba kama mwenye nyumba aliahidi kutengeneza, akaarifiwa na akanyamaza, mpangaji anaweza kujilipa kutoka kwenye kodi.

Linalobaki na utata ni wavu wa dirisha. Nchelenge ina malaria mwaka mzima, kwani mbu aina ya Anopheles funestus hawatoweki kiangazi kikija. Wavu ni kioo, wa mpangaji? Au ni kama ufunguo, kitu ambacho bila hicho nyumba haijakabidhiwa? Naona ni ufunguo. Lakini mwenye nyumba atasema watoto wameuchana, mpangaji atasema jua limeuozesha, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu matundu tofauti. Ndiyo maana siku ya kukabidhiana, wavu ukaguliwe kabla ya kitasa, dirisha kwa dirisha, na matundu yaandikwe.