Chembe moja ya mwanga inavyosaidia kuisaka saratani

Mgonjwa anachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, anapumzika kama saa moja, kisha analala kwenye mashine yenye tundu la mviringo. Baadaye daktari anaona kwenye kompyuta saratani ilikojificha. Hicho ndicho kipimo cha PET. Mashine imeonaje?

Jibu ni kigunduzi cha fotoni.

Fotoni ni nini?

Ni chembe ya mwanga. Ni ndogo mno, na kigunduzi kazi yake ni kuinasa na kuigeuza kuwa umeme unaopimika.

Ndani ya PET

Seli nyingi za saratani hula sukari kuliko seli za kawaida, hivyo sukari ile hujaa kwenye uvimbe. Mionzi yake hutoa fotoni mbili za gama zinazokimbia moja huku, nyingine kule. Zikigonga fuwele zilizomzunguka mgonjwa, fuwele humetameta na vigunduzi hunasa mwanga huo. Kompyuta huchora mstari kati ya vigunduzi viwili vilivyopigwa. Mistari mingi ikikatana, picha inatokea.

Kutoka kioo hadi chipu

Kwa miaka mingi kigunduzi kilikuwa bomba la kioo lisilo na hewa. Super-Kamiokande, tangi la maji tani 50,000 chini ya mlima nchini Japani, lina mabomba zaidi ya 11,000 ya kusaka chembe ziitwazo nyutrino. Novemba 2001 bomba moja lilipasuka, na mshindo wake majini ukavunja mengine zaidi ya 6,000.

Shida nyingine ya mabomba ni sumaku: karibu na mashine ya MRI hayafanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana chipu za silikoni, ziitwazo SiPM, zinachukua nafasi yake. Ni ndogo, hazitishwi na sumaku na hutumia volti chache kuliko mabomba.

Sasa ni mbio za muda

Mwanga husafiri sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mashine ikijua fotoni ipi imefika kwanza, inajua uvimbe uko wapi kwenye ule mstari. Mashine bora za sasa hukadiria kwa sentimita 3 hivi. Watafiti wanataka milimita 1.5.

Hapo wanafizikia na madaktari wanakutana. Kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, jaribio la CMS linatengenezewa kigunduzi cha muda chenye SiPM na fuwele za aina inayotumika kwenye PET, ili kutenganisha migongano ya chembe inayotokea karibu kwa pamoja.

Wewe unafaidika vipi?

Sukari ya PET hupoteza nusu ya mionzi yake kila dakika 110, kwa hiyo huwezi kuiweka stoo. Kigunduzi kikali kinaweza kutoa picha nzuri kwa dozi ndogo, au kwa muda mfupi zaidi. Kwa mtoto mgonjwa asiyeweza kutulia, hilo si jambo dogo.