Kabla ya kuhamia Lukafu: Katanga ilibadilisha makao yake mara ngapi?



Mwezi wa tano jamaa yangu mmoja alinipigia simu. "Yaya, njoo Lukafu. Shamba liko, nyumba ya kupanga ni bei kidogo, na sekondari moja inatafuta mwalimu wa historia na jiografia." Wakati ule nilikuwa na diploma ya historia, deni la kodi ya miezi mitatu hapa Lubumbashi, na barua za kuomba kazi ambazo hakuna aliyezijibu. Nilisema ndiyo palepale. Nilijiona tayari niko chini ya milima ya Kundelungu, napumua hewa safi, naanza maisha upya.

Jioni nikamwambia nkambo wangu. Hakunikataza. Aliniuliza ulizo moja tu: "Kule bantu banakulaka na nini?"

Nikajibu haraka: bukari, mihogo, samaki ya Lufira. Akacheka. "Siko nauliza chakula. Nauliza ule muji unasimamaka juu ya nini."

Sikuwa na jibu. Nimesoma historia miaka mitano, na mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi ananikamata kwa swali la historia. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo nilirudi kwenye vitabu. Nilichokuta kilinishangaza: Lukafu, ambako wengi wetu hatujawahi kufika, iliwahi kuwa makao ya utawala wa Katanga nzima, wakati ambapo jiji la Lubumbashi lilikuwa halijazaliwa. Sasa swali likawa kubwa zaidi. Kama mji ulikuwa mkuu halafu ukawa mdogo, ni kitu gani kiliondoka?

Tuangalie watu waliochagua mahali pa kuanzia upya katika nchi hii yetu, na kila mmoja alichagua kwa sababu gani.

1. Msiri anachagua Bunkeya

Wa kwanza ni Msiri mwenyewe. Hakuzaliwa Katanga. Alitoka upande wa Unyamwezi, katika nchi inayoitwa leo Tanzania, akiwa mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara waliofuata shaba huku. Katikati ya karne ya 19 alikaa kwa wakubwa wa Basanga kama mgeni, akajifunza nchi, akaoa, akasaidia katika vita, na mwishowe akajenga ufalme wa Bayeke. Mji wake ukawa Bunkeya.

Kwa nini Bunkeya? Kwa sababu njia zilikutana pale. Shaba, chumvi, pembe za ndovu, na tusifiche, watumwa pia, walipita pale kwenda mashariki mpaka pwani ya Zanzibar, na kwenda magharibi mpaka Angola. Bunduki, baruti na vitambaa vilirudi kwa njia zilezile. Mji ulikula kwa barabara, na kwa nguvu ya mwenye mji.

Mji wa namna hiyo unakua haraka, na unaweza kuanguka haraka. Mwaka 1891 Basanga waliasi, biashara ikavurugika, njaa ikaingia. Mwezi wa 12 mwaka huohuo msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa na Compagnie du Katanga kwa faida ya mfalme Leopold II, ukafika Bunkeya. Tarehe 20/12/1891 Msiri akapigwa risasi na kapteni Omer Bodson, ambaye naye alikufa siku ileile.

2. Mukanda Bantu anaondoka

Fikiria sasa hali ya Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri. Baba amekufa, mji una njaa, maadui wako pande zote, na Wabelgiji wameshaweka kituo chao kando ya mto Lofoi tangu mwaka ule ule wa 1891. Anafanya nini? Anahama. Anachukua watu wake na kukaa Litupisha, karibu na kituo cha Lofoi.

Wengine wanamlaumu mpaka leo kwa kukaa karibu na waliomuua baba yake. Mimi simhukumu. Alichagua mahali kwa kuuliza: wapi watu wangu watakula na kulala bila kushambuliwa mwaka huu? Lakini bei yake ilikuwa nzito, maana Bayeke walipigana vita vya Wabelgiji. Ukihamia karibu na mwenye nguvu, utamfanyia kazi, upende usipende.

Kitu cha kukumbuka ni kwamba hawakubaki huko. Bayeke walirudi Bunkeya, na mpaka leo makao ya mwami yako pale. Kila tarehe 20 mwezi wa 12 wanakumbuka kifo cha Msiri. Karavani za pembe zimekwisha zamani, lakini mji umebaki, kwa sababu watu wenyewe wana sababu ya kuwa pale: makaburi, ufalme, jina.

3. Lukafu: mji wa ofisi

Sasa tufike kwetu. Baada ya Lofoi, kituo kikuu cha Wabelgiji kikawa Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu. Mwaka 1900 Comité Spécial du Katanga ikaundwa. Hii ilikuwa kitu cha ajabu kidogo: serikali ya Leopold ilikuwa na theluthi mbili na kampuni ilikuwa na theluthi moja, na chombo hicho kilitawala nchi, kikagawa ardhi na madini, kikawa na polisi wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yake Katanga yakawa Lukafu.

Yaani, barua ya Brussels kuhusu Katanga ilikwenda Lukafu. Askari walitoka Lukafu. Mizigo ililetwa Lukafu juu ya vichwa vya wapagazi, siku baada ya siku, kwa sababu reli haikuwako na barabara ya gari haikuwako. Tunaposema "mji mkuu", tuwakumbuke wale waliobeba masanduku yake.

Lakini Lukafu ilikula na nini? Ilikula na ofisi. Chumvi ilikuwa Mwashya, shaba ilikuwa mbali kusini na magharibi, na ziwa Moero lilikuwa mbali mashariki. Mkubwa wa ofisi alipoamua kwenda mahali pengine, hakuna kitu kilichomzuia. Makao yakahamishiwa Lukonzolwa, kando ya ziwa Moero, ambako ng'ambo ilikuwa nchi ya Waingereza. Lukafu ikarudi kuwa mahali pa watu wa Lukafu.

Na Lukonzolwa nayo haikudumu. Usifikiri basi kwamba Lukafu ilikuwa na kosa fulani. Mji unaokula na ofisi peke yake ndivyo unavyoishi: ofisi ikikunja mafaili, soko linabaki bila wanunuzi.

4. Élisabethville: mji wa reli

Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa. Madini yalikuwa yanajulikana, lakini shaba bila reli ni mawe tu. Reli ilikuwa inakuja kutoka kusini kupitia Rhodesia. Tarehe 27/9/1910 treni ya kwanza ikafika mahali ambapo Émile Wangermée, mkubwa wa utawala wa Katanga, alikuwa amechagua kujenga mji mpya. Ukaitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Tangu 1966 unaitwa Lubumbashi.

Angalia hesabu yake. Mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku, ulikuwa karibu. Maji ya mto Lubumbashi yalikuwako kwa ajili ya kiwanda. Makaa ya mawe ya Wankie yangekuja kwa reli ileile ambayo ingepeleka shaba nje. Mwaka 1911 kiwanda kikaanza kuyeyusha. Hapa mji haukusimama juu ya mguu mmoja wa ofisi tu. Ulikuwa na mgodi, reli, maji, kiwanda, halafu na soko la maelfu ya watu.

Lakini tujiulize tena: nani alichagua? Wangermée alichagua. Wakurugenzi wa kampuni walichagua. Nkambo wetu wengi hawakuchagua. Waliandikishwa kazi wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, baadaye Ruanda-Urundi, wakapewa nyumba kwenye kambi na posho ya unga. Wengi walifikiri watarudi kwao. Watoto wao wakazaliwa hapa, wakaongea Kiswahili hiki chetu, na mahali ambapo baba alipelekwa pakawa kwao.

Na hata mji huu mkubwa haukuponyoka. Uzalishaji wa Gécamines ulianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, wenyewe wanajua. Miji iliyokula na kampuni moja, Likasi, Kambove, Kolwezi, ilionja kile ambacho Lukafu ilionja zamani. Waliosimama haraka ni wale ambao mama nyumbani alikuwa na shamba au meza sokoni.

Nilichokwenda kuona

Mwezi wa nane nilipanda juu ya lori, kati ya magunia, nikaenda Lukafu. Vumbi lilinifanya mzee kabla ya wakati. Sikuenda kutafuta mabaki ya mji mkuu. Nilikwenda na ulizo la nkambo.

Nilikaa siku tisa. Siku ya soko nilihesabu kilichoingia na kilichotoka. Mahindi, mihogo, samaki na makala vilitoka kwenda Lubumbashi. Sabuni, chumvi, sukari, mafuta na nguo viliingia. Halafu nilikwenda shule. Tangu 2019 elimu ya msingi ni bure nchini, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na mwalimu asiye kwenye orodha ya serikali analipwa na fedha ya wazazi. Nikafuata ile fedha nyuma: mzazi analipa akiuza mahindi, mahindi yanauzwa lori likifika, lori linafika njia ikipitika. Kumbe mshahara niliopewa kwa simu ulisimama juu ya barabara.

Mzee mmoja tuliyekaa naye chini ya mwembe aliniangalia akasema: "Umekuja kiangazi. Kila mutu anapendaka Lukafu kiangazi. Urudi mwezi wa kwanza, njo utaona."

Yule mzee na nkambo wangu hawajuani, lakini ni kama walikuwa wamepatana.

Mahesabu yangu

Ndugu zangu, wengi wetu tunaota kutoka Lubumbashi. Kodi ni kali, kazi haionekani, na simu inatuonyesha picha za vijana waliohamia mahali padogo wakafanikiwa. Sipingi. Msiri alikuwa mgeni asiye na kitu na akaanza upya. Lakini tuchague kama watu wanaojua historia yao. Mimi nimebaki na maulizo manne:

Mji unakula na nini, na una miguu mingapi? Mguu mmoja ukikatika, nini kinabaki?

Nani alisema ni mahali pazuri, na yeye anapata faida gani nikienda?

Nani alikuwa pale kabla yangu? Ardhi unayoambiwa "iko tu" ina wenyewe, ina mkubwa wa ardhi, ina desturi. Msiri alianza kwa kukaa kama mgeni. Anayeanza kwa kuamuru hatadumu.

Nikishindwa, nitarudi kwa nani?

Nilirudi Lubumbashi, nikaketi karibu na nkambo akichambua matamba. Nikamwambia: "Banakulaka na shamba na barabara. Barabara ikikatika, chakula kinabaki lakini fedha inakatika." Akatikisa kichwa. "Sasa weye utakula na nini?"

Nimemjibu hivi, na ninyi ni mashahidi. Nakwenda mwezi wa tisa kufundisha, mwaka mmoja wa shule kwanza. Siuzi kitanda changu, kinabaki kwa dada yangu. Kabla ya mvua kuanza nitaomba kipande cha shamba kwa njia inayotakiwa, nipande mahindi na mihogo, ili mwezi wa kwanza nisiwe mtu anayesubiri lori tu. Deni la kodi nitalilipa kidogo kidogo, mwenye nyumba amekubali, ingawa uso wake haukukubali.

Somo langu la kwanza darasani nimeshaliandika. Nitawauliza wanafunzi wa Lukafu kama wanajua kwamba Katanga iliwahi kutawaliwa kutoka kwao, na kwa nini ofisi iliondoka lakini nkambo zao walibaki.