Dalali wa Simuni: Historia Fupi ya Majibu Yanayolipiwa



Tuseme mgeni ameshuka Gudele, magharibi mwa mji wa Juba, naye anatafuta duka la dawa. Anamwuliza kijana wa bodaboda: "Ndugu yangu, duka lipi ni zuri?" Kijana anampakia, analipita duka la karibu, na kumfikisha katika duka la mbali. Kumbe mwenye duka hilo humlipa kwa kila mteja anayemleta. Je, kijana amekosa? Kupokea ujira si kosa. Dalali ni mtu wa kale katika masoko yetu, na kila mtu anajua kwamba anaishi kwa ujira huo. Kosa ni kuuza ushauri huku ukiufanya uonekane kuwa hisani.

Swali hilohilo limeiandama injini ya utafutaji tangu utoto wake. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, waliandika makala kuhusu mtambo wao mpya, Google. Humo walionya kwamba injini inayoishi kwa matangazo itaegemea upande wa wenye matangazo na kuwapa kisogo wanaotafuta. Oktoba 2000, Google yenyewe ilizindua AdWords, mfumo wake wa kuuza matangazo.

Wakati huo kampuni ya GoTo.com, iliyoasisiwa na Bill Gross, ilikuwa ikinadi nafasi: aliyeahidi kulipa zaidi ndiye aliyetangulia. Hata hivyo, kiasi cha malipo kilionyeshwa kando ya kila jibu. Dalali huyo alitaja ujira wake. Tatizo lilizidi pale majibu ya kulipiwa yalipochanganywa na mengine katika injini nyingi bila maelezo ya wazi. Julai 2001, shirika la kiraia la Commercial Alert lilizishtaki injini nane mbele ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani. Juni 2002, Tume haikumtoza yeyote faini, bali iliziandikia kampuni barua ikizihimiza zitenganishe waziwazi majibu yaliyolipiwa na yasiyolipiwa. Tuonapo leo alama ndogo ya tangazo juu ya jibu, tukumbuke kwamba kuna raia waliodai uwazi huo.

Alama hiyo haikumaliza mambo. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani. Ilibainika kuwa mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini ya kwanza katika simu na vivinjari vya washirika wake, Apple ikiwa mmojawapo. Hapa malipo yamegeuka: dalali ndiye anayelipa, ili mgeni asikutane na dalali mwingine. Wala hakuna alama inayomjulisha mgeni.

Jambo hili linatuhusu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na vijana wa Gudele hutafuta simuni vyuo vya Kampala na nauli za Nairobi. Kioo cha simu ni kidogo; majibu mawili matatu hukijaza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kisichoonekana kitajiuzaje? Duka dogo la haki, lisilo na fedha ya kulipia nafasi, huzama chini, na mnunuzi hajui alichokikosa.

Basi raia mwema, kabla ya kuliamini jibu la kwanza, na aulize: nani amelipa ili nilione hili kabla ya mengine?

Msamiati
Ujira: malipo ya kazi.
Hisani: wema usiodai malipo.
Kunadi: kuuza kwa mnada.
Kumpa mtu kisogo: kumpuuza.

Swali la kutafakari
Je, kutangaza kwamba umelipwa kunatosha kuwa haki? Eleza kwa mfano wa soko la mtaani kwako.