Muziki Uliohama Kasri

Ukiuliza hapa Madungu mtu aende wapi kusikiliza muziki wa ukumbini, ule wa kukaa kitini na kusikiliza okestra, utaambiwa ushuke Mkoani upande meli ya Unguja. Wanakusudia taarab asilia, yenye makao yake mjini Zanzibar. Lakini kwa nini huko?

Habari inaanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, na aliporudi akafundisha wenzake ili wapige mbele ya Sultani. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakuelewa maneno, kama mtu wa London anavyokaa saa tatu nzima kwenye opera ya Kitaliano. Na raha yenyewe ilikuwa ya wenye mwaliko tu.

Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya watu wenyewe, na muziki ukapata nyumba nje ya kasri. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Huyu aliimba kwa Kiswahili, na 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Sasa hata mchukuzi wa bandarini aliweza kulifurahia fumbo alilofurahia bwana mkubwa.

Tazama basi yaliyotokea. Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Barghash huyohuyo mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Muziki haukufukiwa na kifusi, maana ulishahama zamani.

Ila nyumba mpya nazo zina njaa yake. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza 2002 na ambacho kwa miaka mingi kilifundisha udi, ganuni na fidla katika Jumba la Forodha la zamani, Mizingani, mwaka 2019 kilikuwa hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Hakuna Sultani wa kukilipia.

Kwa hiyo ukifika mjini, usiishie kwenye taarab ya kusindikizia chakula cha jioni hotelini. Uliza Ikhwani Safaa wanafanya mazoezi lini, au Culture Musical Club pale Vuga. Na ukipendezwa, fanya wanavyofanya wenyeji: inuka, nenda mbele, katunze. Kasri lilipoacha kulipa, ni mkono wa msikilizaji ulioiweka taarab hai mpaka leo.